Tiyo Inayopita Kambini

Kambi ya mugodi, ngambo ya Kabambare
Tarehe 11, mwezi wa pili, 1943

Yaya Feza, binti wa baba yangu na mama yangu,

Asalamu aleikum. Nakuandikia nikiwa muzima. Homa iliyonishika imeondoka, imebaki kikohozi tu. Mama iko namna gani na ule muguu wake? Mikate yako ya muchele bado inafika sokoni, ama wanafunzi wa mapadri wanaimaliza njiani? Na Aziza, muke wangu niliyemuacha mikononi mwenu mara tu baada ya ndoa, umusalimie polepole, kwa sauti nzuri, asije akasema nimemusahau.

Naandika kwa herufi za kizungu kwa sababu zile za Kiarabu alizotufundisha baba, karani wa hapa anazikataa. Barua zetu tunazipeleka biro, kwenye ofisi ya kampani, zikiwa wazi, anazisoma kwanza, ni amri ya wakati wa vita. Basi ukiona nimekata maneno, usishangae.

Habari kubwa ni hii: nimetoka shimoni. Sasa niko katika kazi ya tiyo, mabomba ya chuma. Hapa mafuta ya mashini hayafiki tena, meli zinayapeleka vitani, na Bazungu wanataka bati, madini tunayochimba hapa, nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo wamejenga nyumba ya gazi. Ni pipa kubwa la chuma, refu kama nyumba, linajazwa makala ya miti na kuwashwa kwa chini. Moshi wake unapitishwa majini, unaoshwa, unatoka bila rangi, huuoni. Hiyo ndiyo gazi. Inaingia katika tiyo, inakwenda kwenye mashini, na mashini inavuta maji ya kuoshea mawe. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mashini kubwa inakula upepo!

Muzungu wetu wa mashini tumemuita Bwana Vita, maana kila neno lake ni vita: fanya haraka, ni vita, hakuna misumari, ni vita. Lakini si mutu mubaya. Amesema fundi mwenye muke atapewa nyumba ya matofali. Muambie Aziza aanze kufunga vyombo vyake. Nikipata nyumba nitaandika.

Mimi mudogo wako,
Kasimu wa Sumaili

*

Kasongo, tarehe 20, mwezi wa tatu, 1943

Mudogo wangu Kasimu,

Waaleikum salamu. Sote tuko, Mungu ametuweka. Muguu wa Mama unavimba jioni na kushuka asubuhi, anaupaka mafuta ya mawese na kuutukana. Mjane kama mimi hana habari nyingi: ninaamka, ninatwanga, ninachoma mikate, ninauza. Wanafunzi hawaimalizi njiani. Wanaimalizia pale pale mbele yangu.

Aziza alisikiliza barua yako akiwa amesimama, kisha akaniomba nimusomee tena pale penye nyumba ya matofali. Tangu siku ile anaimba akienda mutoni. Ameshona foronya mbili, moja ina ndege, nyingine ilipaswa kuwa na ndege lakini inafanana na samaki. Usimucheke atakapokuonyesha.

Hapa makala imekuwa neno la kila siku. Wakulima wa vijiji vya njia ya Kabambare wameamriwa kukata miti na kuchoma makala kwa ajili ya migodi. Mama mumoja aliyekuja na mihogo sokoni aliniambia, "Mupunga wetu unaanguka shambani, hakuna mutu wa kuvuna. Wanaume wote wako porini, weusi kama vyungu." Sikumuambia kwamba mudogo wangu ndiye anayepeleka moshi wa makala hayo.

Gazi hiyo isiyoonekana, Kasimu, mutu anajuaje kama imetoka au haikutoka? Mama ndiye anayeuliza. Mimi pia.

Yaya wako,
Feza

*

Kambi, tarehe 2, mwezi wa tano, 1943

Yaya Feza,

Asalamu aleikum. Niko. Pole ya muguu kwa Mama. Mvua zinakwisha, usiku ni baridi, tunalala na makoti.

Kazi imeongezeka. Wakubwa wa kampani wametuma simu ya maandishi kutoka mbali, wanataka bati mara mbili ya ile ya mwaka jana. Gazi itafika sasa hadi shimo la pili, ngambo ya bonde, na mbele kidogo hadi kiwanda cha kupasua mbao. Tunatandika tiyo kila siku. Njia fupi ni kupita katikati ya kambi, nyuma ya nyumba za wenye wake. Ndiko inakopita.

Muambie Aziza asije kwanza. Nyumba haiko tayari. Nitaandika.

Umubusu Mama mikono.

Kasimu

*

Kambi, tarehe 16, mwezi wa tano, 1943

Yaya,

Barua hii naiandika kwa herufi alizotufundisha baba, na haipiti biro. Anaibeba Bulaimu, yule muchuuzi wa chumvi mwenye kinga la manyanga, baiskeli yake inayolialia. Amenihakikishia atakupa mukononi.

Nyumba iko. Ilikuwa tayari tangu mwezi wa nne. Nilikuficha.

Sikiliza sababu. Zamani mashini ilikuwa karibu na pipa, nayo ilivuta gazi yenyewe, kama mutu anavyovuta uji kwa bua. Bua likitoboka, anavuta upepo tu, hakuna kibaya. Lakini mpaka shimo la pili ni mbali, mashini haina pumzi ya kuvuta kote kule. Bwana Vita ameweka chombo cha kusukuma. Sasa gazi inasukumwa, na kila penye kiungo kibaya inatoka nje. Na viungo vyote ni vibaya. Mipira ya kuzibia haifiki, tunaziba kwa kamba na udongo na lami. Udongo ukikauka unapasuka.

Watu wa nyumba za nyuma wanaamka na kichwa kinachouma. Wanatapika. Kuku wa Roger, rafiki yangu wa kazi, walikutwa wamekufa wote chini ya kitanda, hawana jeraha. Watu wakaanza kumuangalia vibaya mama muzee mumoja wa kabila la Bangubangu anayeuza dawa, wakisema ni uchawi wake. Mimi na Roger tulijua.

Tulikwenda kwa Bwana Vita. Nilimuambia, "Bwana, gazi inatoka. Watu watakufa."

Nilidhani atanifukuza, ama ataniita mujinga. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Najua, Kasimu."

"Basi tuzungushe tiyo nje ya kambi."

"Tiyo hazitoshi. Nimeomba nyingine, nimeomba mipira. Wamenijibu nipeleke bati." Kisha akasema, "Waambie watu wasifunge milango."

Yaya, ningependa angenipiga. Mutu asiyejua unaweza kumufundisha. Anayejua, utamufanyia nini?

Usimuache Aziza aje. Muambie lolote, muambie ninaumwa, muambie mugodi unafungwa. Asije.

Kasimu

*

Kasongo, tarehe 30, mwezi wa tano, 1943

Kasimu,

Salamu. Tumepata barua yako ya mwanzo wa mwezi, ile fupi. Nimeisoma, nimeigeuza, nikatafuta kama kuna maneno nyuma.

"Asije kwanza. Nyumba haiko tayari." Ndiyo maneno ya kumuandikia mwanamuke aliyekungojea tangu ndoa? Aziza hakulia. Aliingia ndani, akatoa vyombo alivyofunga, akavirudisha kimoja kimoja mahali pake, na tangu siku ile haimbi. Chakula anakigusa tu.

Ismaël, shofer wa kamiyo, lile lori la mihogo, amepita hapa. Mama alimuuliza bila kuzunguka, "Nyumba za matofali huko kambini ziko tayari ama haziko?" Akajibu, "Mama, ziko, na nyingine hazina mutu." Mama akangoja mpaka Ismaël akamaliza kunywa maji. Halafu akasema, "Mutoto wangu amepata mwanamuke mwingine."

Nilikutetea. Nilisema wewe si mutu wa namna hiyo. Lakini sikuwa na neno la kuweka mahali pa lile la Mama, kwa sababu hukunipa.

Mama ameamua. Aziza anapanda kamiyo ya Ismaël siku ya alhamisi, atakuja na foronya zake, na kama kuna mwanamuke ndani ya hiyo nyumba, huyo mwanamuke atatoka. Ameanza tena kuimba, Kasimu. Nimeshindwa kumuzuia, na kusema kweli sikutaka kumuzuia.

Mupokee vizuri.

Feza

*

Kasongo, tarehe 26, mwezi wa sita, 1943

Kasimu, ndugu yangu,

Leo asubuhi Bulaimu amefika. Walimukamata njiani, huko Lusangi, wakamutia katika kazi ya barabara pamoja na wapita njia wengine, kinga lake likawekwa kwa kapita, musimamizi wa kazi. Barua yako ilikuwa katika kofia yake wakati wote huo. Alinipa akiona haya, kama ameniibia.

Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni. Mikate iliungua.

Nilikimbia kwenye kituo cha kamiyo. Hakuna inayokwenda upande wenu mpaka mwezi ujao, petroli hakuna. Nilikwenda posta, nikaomba wanitumie simu kwa mugodi. Karani akaniuliza, "Wewe ni nani wa kampani?" Nikasema mimi ni dada wa mufanyakazi. Akasema simu ni ya serikali na ya kampani. Nikamuambia ni habari ya kufa. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema bado. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaita mutu aliyekuwa nyuma yangu.

Kisha nilipita musikitini, nikakaa ukutani upande wa nje. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mama hajui. Akijua alimutuma Aziza penye gazi, muguu huo hautamubeba tena. Mimi nitabeba. Kama Aziza amefika, mutafutie nyumba ya mbali, hata ya majani. Mulale nje kama ni lazima. Andika upesi.

Feza

*

Kambi, tarehe 18, mwezi wa saba, 1943

Yaya Feza,

Asalamu aleikum. Barua zako mbili zimenifikia pamoja. Hii inapita biro, utanielewa.

Aziza amefika. Ismaël alimushusha mbele ya magazini, gala ya kampani, mwekundu wa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni. Hakunisalimia. Alipita moja kwa moja, akaingia nyumbani, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia nyuma ya mulango. Kisha akakaa chini akacheka mpaka machozi. Akanionyesha foronya. Nilisema, "Samaki huyu ni muzuri." Akanipiga nayo.

Nimeomba nyumba nyingine. Hakuna. Nilijenga kibanda cha majani juu ya kilima, kapita akakibomoa kwa amri, maana kila mutu lazima alale kambini ahesabiwe. Basi ninafanya ninaloweza. Kila asubuhi, kabla ya kazi, ninaziba udongo mupya nyuma ya nyumba yetu na ya Roger. Dirisha nimeling'oa, na la Roger pia. Nimemuambia Aziza kila kitu. Hakuogopa. Alisema, "Wewe unalala hapa. Mimi ni nani nisilale?"

Muke wa Roger, Emilienne, ni Mukristo wa Lusangi, mutu wa maneno mengi na moyo mweupe. Wamekuwa kama mapacha. Wanatwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja, milango wazi, na upepo wa kiangazi unapita.

Nina furaha, Yaya, na ninaogopa. Havitengani.

Muambie Mama hakuna mwanamuke mwingine.

Kasimu

*

Kambi, tarehe 9, mwezi wa kumi, 1943

Yaya,

Kaa chini kabla ya kusoma.

Mvua zimerudi. Siku ya jumanne ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya upepo, inaingia ndani kama mutu aliyealikwa. Sisi tulikuwa shimo la pili. Aziza alikuwa kwa Emilienne wakichambua sombe. Dirisha lile la Roger, Emilienne alilifunga na mufuko kwa sababu maji yalikuwa yanalowesha kitanda. Na mulango wakausukuma. Wewe ungefanya hivyo. Mutu yeyote angefanya.

Maji ya mvua yalikuwa yameosha udongo wote wa viungo nyuma ya nyumba.

Tuliporudi mchana, Roger alikuwa mbele yangu. Nilimusikia akiita, "Emi! Emi!" kama mutu anayeita mwenziwe aliyelala tu. Emilienne alikuwa ameegemea ukuta, sombe mapajani, uso mwekundu, muzuri kama wa mutu aliyetoka kucheza ngoma. Alikuwa amekufa. Aziza alikuwa amelala na kichwa chake penye mulango, penye ufa wa chini. Nafikiri alitaka kutoka. Alikuwa anapumua.

Tuliwatoa nje, tukawalaza mvuani. Munganga wa kambi alikuja, akamumwagia maji, akamupigapiga mashavu. Hana dawa ya hili, alisema mwenyewe. Aziza alilala siku kadhaa bila kufungua macho. Sasa ameyafungua. Anakula nikimulisha. Anaangalia mikono yangu ikija na kijiko.

Bwana Vita alikuja mazikoni. Alivua kofia, akasimama mvuani, akajaribu kumushika Roger mukono. Roger hakuuona ule mukono. Kesho yake mashini ikawashwa saa ile ile ya kila siku. Kapita alisema, "Nani ataizima? Mimi? Wewe?" Tuliangaliana, tukaenda kazini.

Najua karani atasoma haya. Asome.

Kasimu

*

Kasongo, tarehe 3, mwezi wa kumi na moja, 1943

Mudogo wangu,

Sina salamu zinazofaa. Inna lillahi. Umuambie Roger kwamba dada yako anamulilia muke wake ambaye hakumuona.

Nilimuambia Mama. Nilikuwa nimeapa sitamuambia, lakini alinitazama nikisoma akajua. Alikwenda uani akakaa juani, na mvua ilipokuja hakuingia. Nilimubeba.

Mulete Aziza nyumbani. Uje naye. Acha hiyo kazi, Kasimu, acha tiyo zao, uje ushone mikeka hapa, uje ulime mupunga. Ngojea Ismaël, panda naye.

Feza

*

Kambi, tarehe 5, mwezi wa kumi na mbili, 1943

Yaya Feza,

Ismaël ndiye anayekuletea barua hii, na anamuleta Aziza. Amekaa mbele, si nyuma juu ya mizigo. Ismaël ameapa atakwenda polepole. Anatembea vizuri, utaona. Anaosha vyombo. Usimuache karibu na moto peke yake.

Mimi siji. Niliomba ruhusa. Bwana Vita alinipeleka kwa mukubwa wake aliyekuja kukagua, nikasimama mulangoni mukubwa akisoma ombi langu. Alisema kuacha kazi ya mugodi wakati wa vita ni gereza, na baada ya gereza ni mugodi tena. Bwana Vita alitafsiri, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata mimi niliomba kuondoka." Sijui kwa nini aliniambia. Labda alitaka nimuhurumie.

Wametuletea tiyo mpya. Nyingi, zinang'aa, na mipira ya kuzibia pia, kamili. Nilipoziona zikishushwa, nilifikiri ni za kuzungusha kambi. Ni za shimo la tatu. Zile za kambini zinabaki mahali pake. Nimewekwa mimi kuwa mukubwa wa kuzitandika, kwa sababu najua kazi.

Roger hasemi tena na mutu. Anabeba tiyo upande mumoja, mimi upande wa pili.

Njiani Ismaël atamupa Aziza salamu zangu kila mara, nimemuomba, nawe umusalimie kwa jina langu. Akifika, muangalie kama ananitaja. Hapa wakati mwingine aliniita "wewe," kwa upole, lakini hakuniita jina. Munganga anasema akili itarudi akiwa kwao. Niandikie ukweli.

Kasimu

*

Kasongo, tarehe 30, mwezi wa kwanza, 1944

Kasimu, mudogo wangu,

Waaleikum salamu. Aziza alifika salama, Ismaël alitimiza ahadi yake. Mama anaweza tena kufika hadi mulangoni. Mavuno ya mupunga ni madogo, muchele ni wa kutafuta, mikate yangu naichanganya na unga wa mihogo. Watu wa njia ya Kabambare wanasema msitu umesogea mbali sana, wanakwenda siku nzima kufikia muti wa makala.

Nimechelewa kukujibu. Si posta. Ni mimi. Mara nyingi nilianza barua hii, nikaandika habari za muchele na za muguu, na nikifika mahali pa Aziza nilikwenda kuangalia chungu.

Uliomba ukweli.

Yeye ni muzima. Ananenepa. Anatwanga nami, anachambua sombe, mukono wake haukusahau kazi. Jina langu analijua, la Mama pia, la mama yake aliyekufa zamani analitaja kila siku, anauliza atakuja lini kumuchukua. Mwanzoni nilimuambia, "Bwana yako Kasimu yuko kazini, atarudi." Aliogopa. Akaanza kulia, akasema hajaolewa, tumemusingizia, baba yake atakasirika. Mama akanikataza kusema neno hilo tena. Basi nikaacha kusema bwana yako, nikawa nasema Kasimu tu.

Juzi nilimusomea barua uliyoituma na Ismaël, pale tu penye salamu. Alikuwa anapepeta muchele. Akaacha kupepeta, akasikiliza vizuri, kichwa upande mumoja, kama zamani. Nilipomaliza aliniuliza:

"Feza, huyu Kasimu ni nani?"

Mama alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Ni mutu mumoja wa mbali."

"Ananisalimia kila mara."

"Ndiyo."

Akafikiri. Kisha akachukua tena ungo wake, akasema, "Iko mutu muzuri. Ukimuandikia, umuambie na mimi ninamusalimia."

Basi, mudogo wangu, Aziza anakusalimia.

Feza